Picha Isiyopigwa Weusi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni, Mstahiki Meya wa jiji letu, waheshimiwa madiwani, Ndugu Mkurugenzi wa Jiji pamoja na wakuu wa idara mliokaa safu ya mbele kwenye viti vyenye mito, ndugu wageni waalikwa, wasanii wenzangu mliokaa kwenye viti visivyo na mito, na nyinyi mliosimama kule mlangoni nyuma ya kamba, ambao mratibu amenisisitizia nisiwasahau, halafu mwenyewe akasahau kuwawekea viti: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Nimeombwa niseme machache kuhusu mtu tunayemuaga leo, Mzee Kopo, anayestaafu kuchora siku hii hii ambayo jiji linamfungulia ukumbi wa picha zake. Kwa haki angesema mwenyewe. Yupo hapa, yule pale aliyevaa koti la kuazima ambalo mikono yake imemzidi. Nilipomuuliza kwa nini asisimame yeye, alinijibu, "Wewe ndiye uliyekuwa unanimalizia picha. Malizia na hii." Basi nimesimama kumalizia, na naomba mnivumilie, maana sikuzaliwa na ulimi wa hotuba.

Kwa asiyenijua, mimi ni mpiga chapa. Mzee Kopo anachora, mimi nachapa. Karakana yetu iko nyuma ya fundi baiskeli, chumba kimoja chenye dirisha moja, na kamba za kuanikia zimepita kichwani kote hata mgeni akiingia lazima ainame. Wengi mnadhani picha hizi huchorwa kwa brashi. Hapana. Kila rangi ina fremu yake iliyowambwa kitambaa chembamba, na wino unasukumwa kupita kwenye kitambaa kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Unapiga njano, unaanika. Unapiga waridi, unaanika. Unapiga buluu, unaanika. Mwisho kabisa unapiga weusi. Kabla ya weusi uso wa mtu ni mabaka tu, kama nguo iliyokatwa haijashonwa. Weusi ndio unaoleta kope, meno, makunyanzi na maneno. Mzee Kopo alikuwa na msemo wake: rangi ni za kumwita mtu dirishani, weusi ni wa kumwambia ulichomwitia. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Jina la Kopo alilipata ujanani. Hakuwa na uwezo wa kununua turubai, kwa hiyo alikuwa akikata makopo ya mafuta ya kupikia, anayanyoosha kwa nyundo, anachora sura za watu juu ya bati. Tangazo la mafuta lilikuwa likionekana kwenye shavu la mtu, na yeye aliliacha. Miaka mingi baadaye akaja mtaalamu mmoja wa makumbusho, akatuambia kwamba tunachofanya kina jina, kinaitwa sanaa ya pop. Mzee Kopo akamsikiliza kwa adabu, halafu akamuuliza kama kina tiba.

Mheshimiwa mgeni rasmi, siwezi kusifu picha hizi bila kulitaja paa la soko. Najua ratiba ya leo haikulitaja. Wote tunakumbuka. Soko lilijengwa upya, likazinduliwa kwa ngoma na mkasi wa dhahabu, na mvua ya kwanza iliyokuwa mvua kweli ikaliangusha paa juu ya watu waliokuwa wanauza nyanya. Tume iliundwa. Tume ikakaa, ikanywa maji ya chupa, ikaandika ripoti, na ripoti hiyo mpaka leo hakuna aliyeiona isipokuwa kabati inamokaa.

Hapo ndipo Mzee Kopo alipoanza kuwachora wakubwa. Mstahiki Meya, wewe ulikuwa wa kwanza. Alikuchora kwenye karatasi ya kufungia sabuni, uso wa waridi, meno ya njano, safu kwa safu kama sabuni zinavyopangwa dukani, na chini tukaandika kwa weusi: HUONDOA MADOA YOTE. Mheshimiwa Waziri, wewe ulikuwa betri, na maneno yako yalisema: INAFAA KWA REDIO ZA KILA AINA, kwa kuwa hakuna serikali iliyoingia nchi hii ukakosa kufaa ndani yake. Mkandarasi wa soko, ambaye namwona amekaa karibu na maua, yeye alikuwa biskuti: HULAINIKA KWA MAJI KIDOGO TU. Na katika kila uso, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, tulipitisha mstari mmoja mweusi uliopinda. Wengi mlidhani ni mtindo. Ulikuwa ni ufa wa nguzo ya soko. Mzee Kopo aliunakili kutoka kwenye nguzo yenyewe kwa karatasi na makaa, kabla hawajaizungushia mabati.

Tulipozitundika kwa mara ya kwanza ukutani kwa fundi baiskeli, tulijua tutakamatwa. Sisemi tulihisi, tulijua. Mzee Kopo alivaa sweta mbili kwenye jua kali, kwa sababu alikuwa amesikia mahabusu kuna baridi. Mimi nilikuwa nimeshaaga nyumbani. Mchana gari jeusi likasimama, akashuka Mstahiki Meya mwenyewe. Ukatazama picha yako, mheshimiwa. Fundi baiskeli akazimisha redio. Halafu ukacheka, ukacheka mpaka ukashika tumbo, ukamwambia Mzee Kopo, "Mzee wangu, mbona umeninenepesha?" Ukaita mpiga picha wako, ukasimama kando ya sabuni, ukainua kidole gumba. Ukainunua palepale, ukaitundika ofisini nyuma ya kiti chako.

Siku ile tulirudi ndani tukiwa tumefurahi, na nasema ukweli, tulikunywa chai ya ushindi. Hatukujua kilichotupata. Kabla ya picha ile, Mstahiki Meya, ulikuwa mtu anayeulizwa maswali kuhusu paa. Baada ya picha ile ukawa mtu anayejua kutaniwa. Kila mgeni aliyeingia ofisini kwako alitoka akisema, meya wetu ana moyo mkubwa, tazama alivyojitundika mwenyewe. Sabuni ilifanya kazi iliyoandikiwa.

Wakaja wengine. Walikuja kwa magari, wakaja kwa simu, wakatuma madereva. Mkandarasi alichukua biskuti yake, nasikia iko sebuleni na watoto wake wanaipenda sana. Diwani mmoja, simtaji, alikuja karakana jioni amekunja uso, akaniambia, "Dada, mimi nimewakosea nini?" Nikamwambia hujatukosea kitu, mheshimiwa. Akasema, "Wenzangu wote mmewatukana, mimi mnaniruka. Watu watadhani sina uzito." Tukamchora kiberiti. Akalalamika njiti zake ni chache.

Sasa nawauliza, ndugu wageni waalikwa, tusi likishageuka pambo linabaki na kazi gani? Mtu akikuonyesha kioo ukakinunua ukakitia fremu ya dhahabu, bado ni kioo? Tulidhani tunampigia mbuzi gitaa, kwamba kosa ni la mbuzi, hasikii. Kumbe mbuzi alisikia vizuri sana. Aliinuka akacheza.

Na nyinyi wa nyuma ya kamba msicheke mkadhani nawasema hawa peke yao. Mlikuja kwa mamia pale kwa fundi baiskeli. Mlicheka, mkapigana makofi mgongoni, mkasema, "Mzee Kopo kawapaka leo." Mkishacheka mkarudi nyumbani mmepoa. Ile hasira iliyokuwa ya kuulizia ripoti mliimalizia pale, kwenye kicheko, na kesho yake hakuna aliyeuliza. Mimi pia nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimesimama na wino mikononi nawatazama mnavyocheka, nikasema moyoni, hakika tumewapata.

Tangazo la jiji linasema Mzee Kopo anastaafu kwa sababu ya uzee. Mtazameni. Mikono yake haitetemeki, macho yake yanaona uzi kwenye tundu la sindano. Siku aliyoacha kuchora nilikuwepo. Alikuwa anamchora mtu mmoja mkubwa, simsemi ni nani, akaweka kalamu chini akaniambia, "Mtu akishalipenda tusi lako, huna tena la kumwambia." Akafunga dirisha. Hajafungua tena. Haya ndiyo mafanikio tunayoyasherehekea leo, na kama nasikika nimekata tamaa ni kwa sababu nimekata tamaa.

Ningeweza kuishia hapo nikakaa. Lakini kuna picha moja sijaisema, na ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa fundi cherehani. Sokoni walimwita Pindo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukunja pindo la gauni kama yeye. Ungeligeuza gauni ndani nje usijue wapi alipoanzia. Meza yake ilikuwa chini ya paa lile, kando ya nguzo, mahali alipopagombania mwenyewe akisema pana kivuli kizuri. Wiki chache kabla ya mvua ile nilipita nikampiga picha kwa simu. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni, kitambaa cha buluu kichwani, na pini kadhaa amezibana kwa midomo upande wa kulia, kama mafundi wanavyofanya. Nikamchekesha. Akacheka kwa upande wa kushoto tu, kwa sababu angecheka kote angemeza pini. Akaniambia huku meno ameyafunga, "Nenda zako, dada, utaniua na kazi za watu ninazo."

Alipokufa nilimwomba Mzee Kopo amchore. Akamchora kutoka kwenye picha ile. Nikapiga njano ya uso, nikaanika. Nikapiga waridi ya midomo, nikaanika. Nikapiga buluu ya kitambaa. Nilipoinua fremu ya weusi, ile yenye pini, na namba za futi, na kope zake, na ufa, Mzee Kopo alinishika mkono. Akasema, "Huyu hatumpigi weusi. Ufa ule umeshampitia mara moja, inatosha. Na maneno hatumwandiki. Wakubwa ndio wa kuandikwa, huyu mwache apumzike." Nikalia, nikaiweka fremu chini. Tulimtundika ukutani kwetu, juu ya meza ya wino, njano na waridi na buluu, bila mstari hata mmoja. Tulidhani tunamhurumia.

Jiji lilipokuja kununua picha za kuweka kwenye ukumbi huu, tulikubaliana wachukue zote zilizokamilika. Kwetu sisi picha isiyo na weusi haijakamilika. Haihesabiwi, haina tofauti na kitambaa cha kufutia mikono. Hata haikutupitia akilini kuitenga. Siku ya kubeba tulikuwa msibani kwa jirani, tukamwachia fundi baiskeli ufunguo. Waliokuja kubeba hawakujua desturi yetu. Waliiona picha ya Pindo imekamilika kuliko zote, wakamchukua.

Kamati ya ukumbi ikampenda. Nimeambiwa maneno waliyosema: hii ni nzuri, inang'aa, haina siasa. Na kwa kuwa hatukumwandika kitu, wakamwandika wao. Wakamwita Mama Furaha. Mtaalamu yule yule wa sanaa ya pop akasema tabasamu lake la upande mmoja ni fumbo, akaandika kurasa nzima kulifumbua. Ndugu yangu mtaalamu, hakuna fumbo. Ni pini. Pini zilikuwa kwenye weusi.

Leo mdogo wangu yuko kwenye vikombe. Yuko kwenye mifuko ya mkononi, na mhudumu aliyewapokea hapo nje amemvaa kifuani. Na ili kuficha kifusi cha soko wasikione wageni, jiji limezungushia mabati, na juu ya mabati limesimamisha bango refu kuliko nyumba, lenye uso wake na maneno haya: JIJI LINATABASAMU. Wamemsimamisha palepale alipolalia. Amepewa kazi ya kuziba mahali palipomuua.

Mama yetu alikuwa akipita njia ile kwenda kliniki. Siku bango liliposimama nilikuwa naye. Aliinua macho, nikafikiri hakumtambua, maana macho yake si ya zamani. Kisha akasema, "Wamemtoa pini mdomoni." Tukatembea kidogo. Akaniuliza, "Hivi hawa wanajua kwamba ni mtoto wa mtu?" Tangu siku ile anakwenda kliniki kwa njia ya mbali, na miguu yake mnajua ilivyo, wale mnaotufahamu.

Nilikwenda kwa Ndugu Mkurugenzi kuomba nirudishiwe. Nakushukuru, Ndugu Mkurugenzi, ulinipokea vizuri, ukanipa kiti, ukanisikiliza mpaka mwisho. Ukaniambia kwa upole, "Dada, pole sana. Lakini hii sasa ni nembo. Nembo haina ndugu." Sikukasirika. Nilitambua kwamba unasema kweli, na hilo ndilo lililoniumiza.

Fremu yake ya weusi ninayo bado, iko chini ya kitanda cha mama. Jana niliitoa nikaifuta vumbi. Nilifikiria nije nayo, na kopo la wino, nipande mbele yenu, popote mlipomtundika humu, nimpige weusi wake aliokosa: pini, futi, kope, na ufa kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, mjue ni nani. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Nikaona simu zenu zikiinuka. Nikamwona Mstahiki Meya anakuwa wa kwanza kucheka, au wa kwanza kutoa leso, kutegemea watu wanataka nini siku hiyo. Nikaviona vikombe vipya vyenye pini, toleo maalumu. Nikairudisha fremu chini ya kitanda.

Kwa hiyo nimekuja mikono mitupu. Ratiba mliyopewa inasema nikimaliza kusema, Mstahiki Meya atavuta kamba na kufunua picha kuu ya ukumbi, na imeandikwa kwamba ni picha yake mwenyewe, ile ya sabuni. Asubuhi hii mratibu akaninong'oneza kwamba wamebadilisha, wanataka kunishtua kwa furaha. Nyuma ya pazia hili lililo mgongoni kwangu yupo Pindo. Mama yangu amekaa safu ya nne, amevaa kitambaa cha buluu kwa sababu nilimwambia leo tunaheshimiwa. Alikuwa hajui. Mama, nisamehe, umejua sasa hivi pamoja nao.

Mstahiki Meya, sasa nazungumza na wewe peke yako, wengine mnaweza kusikiliza. Siku ya paa ulifika mapema, sikunyimi hilo. Ulikuja na kofia ngumu nyeupe na mabuti mapya, na wapiga picha nyuma yako. Maiti zilikuwa zimelazwa barabarani kwa safu, zimefunikwa mashuka. Uliinama kwenye shuka la kwanza, ukashika ncha, ukafunua, na kamera zikapiga. Ukaniuliza mimi niliyekuwa nimechuchumaa hapo, "Huyu ni nani?" Nikakujibu, ni mdogo wangu, fundi cherehani. Ukasema, "Pole sana," ukaenda shuka la pili. Kamati iliponionyesha picha mliyoichagua kuwa nembo, walinieleza ulivyoitazama ukasema, "Sura hii kama naijua." Unaijua, mheshimiwa. Nilikutambulisha mwenyewe.

Sikuombi ripoti. Sikuombi ung'oe bango, wala mvunje vikombe. Nimeshajifunza katika jiji hili nini kinaombwa na nini hakiombwi, na kilio cha samaki machozi huenda na maji. Kamba ya pazia iko karibu na mkono wako wa kuume. Mdogo wangu umeshamfunua mara moja mbele ya kamera. Safari hii naomba umwache amefunikwa, angalau mpaka mama yake afike mlangoni.

Mzee Kopo, kazi yako ilikuwa nzuri na haikusaidia kitu, na sijui kipi kati ya hayo mawili kitakuuma zaidi ukiwa umepumzika. Mheshimiwa Waziri, Mstahiki Meya, ndugu wageni waalikwa, asanteni kwa kunisikiliza, nanyi wa nyuma ya kamba asanteni kwa kusimama. Makofi naomba msinipigie.

Mama, inuka twende.